Naomba ushauri: nabaki kanisani, lakini nina maswali

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Jinja, Uganda, Mmormoni (muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) mwaka wa tisa sasa. Chai ya majani, ambayo kanisa letu linakataza, niliacha (hiyo iliniuma kweli), zaka natoa. Juzi mwanangu kaniuliza mezani kwa nini hadi 1978 wanaume weusi walinyimwa ukuhani. Nikabaki na tonge la posho mkononi. Nimesoma maelezo ya kanisa ya 2013 yanayokana zile sababu za kale za kibaguzi, hayajanitosha. Mzee mmoja kaniambia nifunge na kuomba. Rafiki aliyetoka ananicheka. Kuhama sitaki, watu wale ni ndugu zangu. Je, swali hili niliulize darasani Jumapili, au kwa askofu faraghani? Na mtoto nimjibu nini?