Ziara ya boti mto Chicago: asubuhi, alasiri au jioni?

NeemaK

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kwa wanaoijua Chicago. Mdogo wangu anahitimu chuo huko katikati ya mwezi wa tano, na mimi, mume wangu na mama tunakwenda kumshangilia. Mahafali ni Jumamosi, halafu tunabaki hadi Alhamisi. Kila niliyemuuliza ananiambia nisiondoke bila kupanda zile boti za mtoni, ambazo mtu anawaeleza habari za majengo huku mnapita katikati ya maghorofa.

Kinachonitatiza ni saa. Kwenye mtandao naona boti zinaondoka tangu asubuhi hadi usiku, na za jioni zinajaa mapema kuliko nyingine. Mume wangu ana kamera mpya na anasema picha za maana hupigwa jioni tu, tukienda mchana tumepoteza nauli. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, hapatani na baridi, na ikifika saa mbili usiku anaanza kusinzia kwenye kiti. Lakini yeye ndiye mwenye hamu kuliko sisi wote. Amefundisha jiografia maisha yake yote, kwa hiyo atataka kumsikia mwongozaji neno kwa neno, na ataniuliza maswali ambayo sina majibu yake.

Nataka kununua tiketi za saa ileile kwa wote watatu, wasije wakanuniana. Ni saa ngapi?

Mzee wa Safari

Mchana katikati, usijichoshe na mahesabu. Jua la kutosha, baridi imepungua, mama yuko macho. Mume mwambie picha zipo hata kwenye kadi za posta.

Mfungakamba

Dada Neema, hongereni kwa mahafali. Wakati nasoma pale nilifanya kazi ya kufunga kamba na kuwashika mkono abiria kwenye boti za watalii, misimu kadhaa ya kiangazi. Ule mto nimeupita kila saa ambayo boti hutembea. Waongozaji wanatofautiana ucheshi tu, habari ni zilezile. Kinachobadilisha safari ni jua liko upande gani.

Mama atanielewa upesi. Chicago iko karibu nyuzi 42 kaskazini ya ikweta. Kwetu jua la mchana linazunguka jirani na utosi, miezi fulani limeegemea kaskazini, mingine kusini. Kule halifiki utosini hata siku moja. Saa sita mchana, mwaka mzima, liko kusini. Sasa mpe ramani. Boti nyingi zinaanzia karibu na daraja la DuSable, pale Michigan Avenue, na kutoka hapo mto unakwenda moja kwa moja magharibi hadi mahali panaitwa Wolf Point. Hapo unagawanyika, tawi moja kaskazini, jingine kusini. Mwambie pia kwamba huu ndio mto uliogeuzwa mwaka 1900: ulikuwa unamwaga maji Ziwa Michigan, wakachimba mfereji, sasa unayavuta maji kutoka ziwani. Nimeona walimu wakimkatisha mwongozaji kwa maswali hapo.

Turudi kwenye jua. Majengo ya ukingo wa kaskazini yanatazama kusini, kwa hiyo yanapata mwanga karibu siku nzima. Huko ndiko liko jengo la Wrigley, lile jeupe la miaka ya 1920, na minara miwili ya Marina City ambayo wenyeji wanaifananisha na magunzi ya mahindi, na Merchandise Mart ya 1930 ambayo ni pana kiasi kwamba unalipita ukidhani ni majengo matatu. Haya hayakukosi, uende asubuhi au alasiri.

Tawi la kusini ndilo lenye masharti. Linakwenda kaskazini-kusini, na kuta zimesimama pande zote mbili karibu sana. Ukingo wa magharibi unatazama mashariki, hivyo ni wa asubuhi. Pale kuna jengo la 150 North Riverside, limesimama kwa mguu mwembamba kwa sababu chini yake kuna reli, na huo mguu ukiuona na jua la asubuhi usoni unajiuliza mara mbili kama ni salama kupita. Ukingo wa mashariki ni wa alasiri. Nyumba ya opera ya mwaka 1929 imeupa jiji mgongo na mto uso, na kuanzia saa nane hadi saa kumi ndipo inapendeza. Ukichelewa sana majengo ya ng'ambo yanaifunika kwa kivuli kuanzia chini, unabaki kuona paa tu.

Na 333 West Wacker, lile la kioo cha kijani la mwaka 1983 lililopinda kufuata kona ya mto. Hilo linatazama kaskazini-magharibi. Asubuhi liko kivulini, zuri lakini limepoa. Jua likishaelekea magharibi, kioo chote kinashika mto, mawingu na majengo ya jirani. Kama mume wako anataka picha moja ya kuweka ukutani, ni hiyo.

Kwa hiyo hakuna saa inayowapa vyote. Ila kuna saa moja ambayo watu wengi huichagua na mimi nisingeichagua: saa kumi na moja na nusu hadi saa moja. Watu wa kwetu wakiona 5:30 PM kwenye tiketi wanaona jua linazama. Katikati ya mwezi wa tano kule jua linazama kama saa mbili na dakika tano usiku! Saa kumi na moja na nusu jua lao ni kama la saa kumi kwetu, bado kali. Na kwa kuwa boti inaelekea magharibi, linawapiga machoni njia nzima hadi Wolf Point. Abiria wote wanakinga uso kwa mkono, mwongozaji anaonyesha jengo, hakuna anayeliona. Mkirudi ndipo mnaona vizuri, jua likiwa mgongoni, lakini kufikia hapo maelezo mengi yameshapita. Asubuhi ni kinyume: mnaondoka jua likiwa mgongoni na kila kilicho mbele kimeangaza.

Mchana katikati anaousema Mzee hapo juu una faida moja ambayo sitamnyima. Saa zao zinasogezwa mbele wakati wa kiangazi, kwa hiyo jua linafika juu kabisa karibu saa saba, na saa hiyo ndiyo pekee ambapo mwanga unashuka mpaka majini kwenye tawi la kusini. Rangi zinapauka, lakini hakuna kivuli kinachokata jengo katikati.

Baridi sasa. Ziwa Michigan mwezi wa tano bado lina maji ya baridi ya majira yaliyopita. Jua likipasha jiji, alasiri upepo wa ziwani unaingia ndani ya mto. Mtu anapanda boti na fulana, dakika ishirini baadaye ananiomba blanketi. Asubuhi hewa ni ya baridi pia, ila kwa kawaida imetulia, na koti moja linatosha.

Kwa mama ningesema boti ya kwanza au ya pili asubuhi, siku ya kazi. Mume wako bado nina neno naye, nitarudi, nipo kazini.

Tausi wa Kaskazini

Mfungakamba ameeleza vizuri lakini ameruka kitu ambacho ndicho wenyeji tunakipenda. Mimi naishi hapa, na wageni wangu nawapeleka boti inayoondoka kama dakika 45 kabla ya jua kuzama. Mwezi wa tano hiyo ni kama saa moja na robo usiku, 7:15 PM. Safari nyingi ni dakika 75 au 90. Mnatoka kweupe, mwongozaji anawaonyesha majengo mkiyaona, mnarudi taa zimewaka. Na hapa giza haliingii ghafla kama nyumbani, linajivuta nusu saa nzima baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa ya buluu nzito. Wrigley likimulikwa na mataa yake wakati huo, mtu anasahau baridi.

Halafu jioni jiji linatulia. Asubuhi mnashindana na malori, boti za kokoto na watu wa maofisini wakipita madarajani.

Mama mnamfunika blanketi na soksi nzito. Wazee wetu wamevumilia makubwa kuliko upepo.

Mzee wa Safari

Dada Tausi, huyo mama amesemwa analala saa mbili. Boti inarudi saa mbili na nusu. Mtamtembeza mtoni akiwa ndotoni.

NeemaK

Hahaha Mzee, umemjua mama kuliko mimi.

Asanteni sana, kwanza sikujua kwamba jua linazama saa mbili, hilo peke yake limenisaidia. Nimemsomea mama habari ya mto kugeuzwa, ameshachukua daftari. Maswali mawili. Je, kuna ngazi nyingi za kufika kwenye boti? Na siku gani kati ya Jumatatu na Jumatano? Mume wangu yeye amesoma ya Tausi akasema "mnaona?" kwa hiyo vita bado haijaisha.

Mfungakamba

Nimerudi. Dada Tausi, hilo la kuondoka kabla ya jua kuzama ni kweli, na kwa wachumba au watu wasio na mzee ningesema hivyohivyo. Maboti ya kokoto nayo nayakubali, yanapiga honi mpaka kikombe kinatetemeka.

Dada Neema, ngazi zipo. Mto uko chini kuliko barabara, na kutoka Michigan Avenue unashuka hadi gatini. Kabla ya kulipa, waulize wenye boti njia isiyo na ngazi iko wapi, watawaelekeza, msisubiri kuuliza siku yenyewe mkiwa mmechelewa. Kwenye boti mama akae sitaha ya chini, karibu na sehemu iliyo wazi ya nyuma au mlango. Sitaha ya juu inasifiwa sana, lakini kupanda kule ni ngazi nyembamba yenye mwinuko, na madaraja ni ya chini kiasi kwamba tulikuwa tunawakataza watu kusimama. Ila chini ndani kabisa, nyuma ya vioo, ataona nusu ya kila jengo. Vipaza sauti vipo kila mahali, ila achague kiti kilicho mbali na injini, la sivyo mwongozaji atakuwa anashindana nayo.

Siku: Jumanne au Jumatano. Wiki ya mahafali wageni wengi wanatawanyika kuanzia Jumatatu. Mwezi wa tano shule zao hazijafunga, kwa hiyo asubuhi mnaweza kukuta basi zima la wanafunzi. Wengine hawapendi. Mwalimu mstaafu nadhani atawaamuru wakae kimya na watatii.

Jumatano ina jambo la ziada. Majira ya kuchipua, Jumatano na Jumamosi asubuhi, madaraja huinuliwa moja baada ya jingine ili boti za matanga zitoke karakana zilikokaa msimu wa baridi ziende ziwani. Boti yenu inaweza kusubiri kidogo, lakini mtaona barabara nzima ikisimama wima angani na magari yakingoja. Mimi ningechukua Jumatano saa nne asubuhi, na Jumanne ningeiacha iwe akiba kama utabiri unaonyesha mvua Jumatano. Mvua ikinyesha sitaha ya juu inafungwa au inabaki tupu, na wote mnabanana chini.

Sasa shemeji na kamera yake. Mwambie asiitafute picha ya usiku ndani ya boti. Gizani kamera inahitaji muda mrefu wa kupokea mwanga, na boti inatembea, inatikisika kwa injini, inayumba kila ikipitwa. Taa zote zinatoka kama nyuzi. Nimewaona watu na kamera za bei mbaya wakifuta picha kabla hata ya kushuka. Jioni hiyohiyo ya Jumatano, mama akiwa amepumzika, ashuke Riverwalk, ile njia ya miguu kando ya mto upande wa kusini. Haina kiingilio. Aanzie kama saa moja usiku karibu na Wolf Point apate jua kwenye kile kioo cha kijani cha 333 West Wacker akiwa ng'ambo yake, au asimame juu ya daraja la Franklin-Orleans. Jua likizama atembee kuelekea mashariki polepole. Merchandise Mart ipo hapo njiani, na baadhi ya misimu wanarusha picha kubwa za mwanga kwenye ukuta wake baada ya giza, wamefanya hivyo tangu 2018, aangalie kalenda yao kama usiku huo wapo. Amalizie daraja la DuSable, Wrigley likiwa limewashwa mbele yake, stendi ya kamera imesimama juu ya kitu kisichotikisika.

Asubuhi kwenye boti apige majengo ya ukingo wa magharibi na uso wa mama. Hiyo nusu ya pili hata saa ngapi inatoka vizuri.

NeemaK

Jumatano saa nne asubuhi, nimelipa sasa hivi. Mume anauliza daraja la Franklin-Orleans lina nafasi ya kusimama mtu na stendi bila kuzuia wapita njia?

Mfungakamba

Lina njia ya miguu pande zote mbili. Asimame upande wa magharibi wa daraja, abane ukuta, na kamba ya kamera aivae shingoni. Upepo wa pale hauna adabu.