Bwana Taifa avae nini: kaunda suti, kanzu na koti, au shati la bendera?

Mgosi_Jukwaani: Wagosi, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Tuna igizo la kuwadhihaki wanasiasa pale uwanja wa Tangamano, Tanga, mwezi ujao, dakika 20. Mhusika mkuu ni Bwana Taifa. Fundi wa Barabara ya 12 anataka jibu kesho. Lipi?

Pindo_na_Mji: Mchana au usiku? Watu wanakaa umbali gani? Na huyo ni nchi yenyewe au kiongozi anayejidai ndiye nchi? Bila hayo tunapiga ramli.

Mgosi_Jukwaani: Usiku, taa mbili. Ni anayejidai.

Sindano14: Basi kaunda suti. Mita 3 za kitambaa cha upana wa inchi 60, rangi ya udongo, mikono mifupi, mifuko minne. Ya juu ikuzwe mara moja na nusu, chomeka peni nne: hata wa nyuma kabisa anamwona afisa wa enzi ya foleni za sukari kabla hajafungua mdomo. Kama kuna tumbo la sponji, apimwe akiwa amelivaa. La sivyo vifungo vinaruka kwenye kicheko cha kwanza.

Kola_Imefunga: Msichanganye na suti ya Mwalimu. Ile yenye kola ya kufunga ni Chuenlai, jina la Zhou Enlai wa China aliyekuja nchini 1965. Mkimvalisha hiyo na fimbo, watu wataona mnamcheka Baba wa Taifa.

Sindano14: Usiku, taa mbili, nani anaona kola?

Buluu_Iko_Wapi: Shati la bendera liogopeni. Kuna kikundi kilishonewa la kijani, njano na nyeusi; buluu iliachwa kwa kuwa kitambaa kilipelea. Bendera ikikosa buluu, mtazamaji anaona sare ya CCM. Igizo lilihusu ushuru wa samaki, likawa la chama: huku wanashangilia, huku wamenuna, samaki hakuna aliyemsikia. Na mstari mweusi wa mshazari uligeuzwa. Unatakiwa kupanda kutoka chini, upande wa mlingoti. Fundi alikata akitazama upande wa ndani. Magwanda nayo msiyaguse. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 raia wasalimishe nguo zinazofanana na za jeshi.

Koti_Juu: Mbona kanzu mmeiruka? Ndiyo vazi la hapa.

Sindano14: La hapa, sawa. Video ikifika Mwanza watasema mnamcheka shehe.

Koti_Juu: Kwa hiyo mpwani si taifa? Shuka la Mmaasai leo liko kwenye kila bango la utalii, na mwaka 1968 serikali ilikuwa inawalazimisha wavae suruali!

Pindo_na_Mji: Hamkuniuliza, lakini mpeni mke, avae khanga. Ikifungwa kiunoni, jina linaangukia nyuma. Mume akimaliza hotuba, mke ageuke tu, watu wasome. Herufi za kiwandani hazisomeki vizuri kwa mbali. Zirudieni kwa rangi ya kitambaa, kimo cha kiganja.

Mgosi_Jukwaani: Ahsanteni. Fundi anasema cha udongo kimekwisha, kipo cha kijivu. Kitafaa? Na nani ana kofia ya viua ya kuazima, inchi 22?

Kola_Imefunga: Kofia juu ya kaunda suti? Si umerudi kwa Mwalimu yule yule.