Ushauri: Baba mdogo kaokota "jiwe la mwezi" Magu, dalali anataka hela ya vipimo kwanza

Kijana wa Nyakato: Habari za jioni wakuu. Baba mdogo alikuwa analima shamba lake Magu, jembe likagonga jiwe jeusi, dogo lakini zito ajabu. Kaja dalali, kaliangalia, anasema ni kimondo kutoka mwezini na ana mzungu wa kulinunua kwa mamilioni. Ila kwanza tutoe laki nane za vipimo. Mzee yuko tayari kuuza ng'ombe. Nimejaribu sumaku ya spika mbovu, inanasa kwa nguvu. Hivi jiwe linaweza kweli kutoka mwezini likafika huku? Na huyu bwana tumpe hela?

Mama Kirumba: Ng'ombe asiuzwe! Mnunuzi wa kweli analipia vipimo mwenyewe. Shemeji yangu aliliwa hivyohivyo kwa "dhahabu", na namba ya simu haikupatikana tena.

Mwalimu wa Fizikia: Swali lako ni zuri, kijana. Ndiyo, mawe ya mwezini yanafika. Mwezi hauna hewa na mvutano wake ni mdogo, kwa hiyo jiwe likirushwa kwa kasi ya kama kilomita 2.4 kwa sekunde halirudi tena chini. Kinacholirusha ni kimondo kingine kikigonga mwezi. Vipande vingine hunaswa na dunia mapema, vingine huzunguka angani hata mamilioni ya miaka kabla ya kutuangukia. Vikipita kwenye hewa yetu, nje huyeyuka na kuacha gamba jeusi jembamba, ndani hakuharibiki.

La kwanza kutambuliwa liliokotwa Antaktika, Januari 1982, linaitwa ALHA 81005. Wanasayansi walikuwa na cha kulinganishia: kilo 382 za mawe yaliyoletwa kutoka mwezini na safari za Apollo za Wamarekani. Mengi yaliyofuata yametoka Sahara na Omani, maana kwenye ukame jiwe halichakai haraka na jeusi linaonekana mbali juu ya mchanga. Hata Botswana lipo, Kalahari 009, kilo 13.5. Kwa hiyo Afrika si muujiza.

Ila la mzee linanitia shaka. Jiwe la mwezini halina uzito wa kushangaza, na sumaku hulishika kwa shida sana.

Mchimbaji Geita: Mwalimu kasema kweli. Huku kwetu mwamba wa chuma umejaa, tunaukuta kila siku tukifuata dhahabu. Chukua kigae, geuza upande wa nyuma usiong'aa, likwaruze jiwe hapo. Likiacha mstari mweusi au wa rangi ya kutu, hiyo ni madini ya chuma ya hapahapa. Angalia pia vitundu vya mapovu. Ukiviona vingi, huenda ni mavi ya chuma ya wahunzi wa zamani.

Kijana wa Nyakato: Nimekwaruza sasa hivi. Mstari mweusi kabisa, mapovu hakuna. Mzee bado hataki kuamini, dalali kamwambia kuna mwingine analitaka.

Mwalimu wa Fizikia: Usibishane naye. Mpeleke na jiwe lake ofisi ya madini ya mkoa hapo Mwanza, awasikie wenyewe. Akitaka uhakika zaidi, GST, taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini huko Dodoma, wana maabara. Dalali akikataa kusubiri hayo, mwacheni aende.

Mama Kirumba: Na jiwe lisitoke mikononi mwenu, hata kwa "kulipiga picha" tu.

Kijana wa Nyakato: Asanteni sana. Jumatatu asubuhi naenda naye, ng'ombe abaki zizini.