Picha za kichanga cha siku 9, mama yuko arobaini: nijiandae vipi?

LenziYaPwani

Habari za jioni wakuu. Kazi yangu ni harusi na sendofu, kichanga sijawahi kumpiga. Kuna familia ya Tanga mjini inataka picha za mtoto wao wa kiume, siku ya kazi atakuwa na siku 9. Watakuwepo wazazi, bibi, na dada wa mtoto mwenye miaka 3. Mama bado yuko ndani, arobaini haijaisha, kwa hiyo kazi ni sebuleni kwao.

Nina kamera ya fremu kamili, lenzi za milimita 35, 50 na 85, flashi moja na mwavuli mweupe. Wamenitumia picha mbili za mfano. Ya kwanza mtoto ameegemeza mashavu kwenye viganja vyake, viwiko chini, kama anawaza. Ya pili yuko ndani ya kapu la ukindu. Naomba mnielekeze: joto la chumba, vifaa, hilo pozi la viganja linafanywaje, na kipi nikatae mapema?

MikonoMiwili

Mkuu, nianze na hilo pozi maana ndilo la hatari. Wenyewe wanaliita la chura. Hakuna mtoto wa siku 9 anayeweza kubeba kichwa chake kwa viganja, shingo haina nguvu hiyo. Unachokiona mtandaoni ni picha mbili zilizounganishwa.

Inafanywa hivi. Mtoto ameshiba, yuko usingizini kabisa, amewekwa juu ya mto mkubwa wa punje. Msaidizi amepiga magoti ubavuni pake. Kamera iko kwenye tripodi, fokasi imefungwa, mwanga haubadiliki. Picha ya kwanza, msaidizi anashika vifundo vya mikono ya mtoto kutokea chini ili viganja vikae mashavuni, juu ya kichwa hakuna mkono. Picha ya pili, anahamishia vidole viwili nyuma ya kichwa juu, bila kugandamiza utosi, ndipo anaachia mikono ya chini. Kwenye Photoshop unazipanga moja juu ya nyingine: nusu ya juu unaichukua kwenye picha ya kwanza, nusu ya chini kwenye ya pili. Vidole vya msaidizi vinatoweka. Mtoto mwenyewe hakuachiwa hata kidogo.

Wewe ambaye hujawahi, lifute hilo kwenye orodha na umwambie mteja kabla ya siku ya kazi, usisubiri kufika sebuleni. Kalifanyie mazoezi kwenye mwanasesere wa kilo 3, ujue msaidizi anakaa wapi na picha zinaunganishwaje. Mbadala wake ni mtoto kulala kifudifudi, shavu moja juu ya mikono yake, uso umegeukia kamera, pua na mdomo viko wazi. Na hiyo pia mkono wa mtu uwe sentimita chache kutoka mgongoni. Watoto wachanga wana tabia ya kushtuka wakiwa usingizini, mikono inatawanyika ghafla, na hapo wanaweza kubingirika.

Kapu la ukindu ni zuri lakini ni jepesi, mtoto akisogea kidogo tu linapinduka. Weka chini kifuko cha mchanga cha kilo 3 hadi 5, juu yake blanketi lililokunjwa, halafu kitambaa laini mpaka kwenye kingo, maana ukindu uliokatika unachoma. Kapu likae sakafuni juu ya mkeka. Si kwenye kiti, si kwenye meza, hata kama dirisha liko juu. Ukishamlaza angalia kidevu: kama kimeshuka kikagusa kifua, njia ya hewa imebanwa. Mnyanyue kidogo mabega kwa taulo lililokunjwa, kidevu kiinuke, usikie pumzi yake.

Kumfunga kwa kitambaa ndiko kutakakookoa siku yako, mtoto aliyefungwa vizuri hulala. Chukua kitambaa kinachovutika cha upana wa sentimita 40 na urefu wa mita moja na nusu. Mikono ikunjwe kifuani, miguu iachwe imekunjika na kutanuka yenyewe kama ilivyokuwa tumboni. Usiinyooshe miguu na kuibana pamoja, inaumiza nyonga. Vidole vyako viwili vipite kati ya kitambaa na kifua. Kagua nyuzi zilizolegea kwenye vitambaa na blanketi za manyoya kabla hujaanza, uzi mmoja au unywele wa mtu ukizunguka kidole cha mguu unakata damu na mtoto atalia bila mtu kujua sababu.

Ukipiga kutokea juu, mkanda wa kamera uwe shingoni na umeuzungusha mkononi. Lenzi ya 50 inakutosha. Ya 85 itakulazimisha kupanda kiti, na hutakiwi kuwa juu ya kiti wakati mtoto yuko chini yako.

MkungaWaZamu

Naongezea upande wa afya.

Uliza kabla ya siku: alizaliwa na wiki ngapi, njia gani, kuna neno lolote waliloambiwa hospitali. Njiti usimguse mpaka daktari wake akubali, na umri wake wa mapozi unahesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyetanguliza matako, uliza kama nyonga zimeangaliwa. Aliyevutwa kwa kifaa anaweza kuwa na uvimbe kichwani, usimlaze upande huo. Waliotoka kwa shida mabega, kuna ambao mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, umepata ufa. Hao mikono haikunjwikunjwi.

Joto la mwili la kawaida kwapani ni 36.5 hadi 37.5. Usimpime kwa kumshika mikono na miguu, hizo huwa baridi tu. Shika shingo kwa nyuma au kifua. Ngozi ikianza kuwa na madoa kama wavu, ana baridi, mfunike. Shingo ikiwa na jasho na uso umeiva, amepata joto. Mguu ukigeuka rangi ya zambarau kwa sababu ya pozi, mnyooshe mara moja na pozi hilo limekwisha. Midomo au ulimi kuwa wa buluu ni jambo la hospitali. Kwa watoto weusi usitegemee ngozi, angalia ulimi na fizi.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikiwa bado hivyo, au kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, au hanyonyi, funga begi na waambie waende kituo cha afya leo hii. Manjano vivyo hivyo. Manjano kidogo ya uso kwenye wiki ya kwanza ni ya kawaida kwa wengi, lakini yakifika viganjani na nyayoni si suala la kurekebisha rangi kwenye kompyuta.

Kunyonya hakusubiri picha. Wengi hupungua uzito siku za mwanzo, na wanaurudisha kwenye wiki ya pili, ndiyo hiyo uliyopewa. Atanyonya kila baada ya saa mbili au pungufu, na kila mara unapoteza nusu saa hivi. Panga saa tatu za kazi, utapata mapozi manne au matano ya maana. Kitovu kikiwa bado, hakivutwi, hakipakwi kitu, kinakunjiwa nepi kwa chini na hakilaliwi.

Na mama naye ni mgonjwa wako siku hiyo. Kama alipasuliwa, usimkalishe sakafuni wala usimwambie ainame kumchukua mtoto. Mpe kiti chenye mgongo, mto mapajani, na kitambaa cheusi cha kukalia bila kueleza ni cha nini.

Mwenye mafua, kikohozi au kidonda cha mdomoni asije, na huyo akiwa ni wewe usiende. Ahirisha bila kuwatoza. Mikono inaoshwa kwa sabuni mpaka viwiko, pete na saa unavua. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato, na kila mtoto seti yake.

StudioNdogo

Mwanga. Nyumba nyingi za mjini zina madirisha yenye nondo na kuta za rangi kali. Nondo zinatupa mistari usoni, kwa hiyo tundika pazia jeupe jepesi. Ukuta wa kijani au waridi unapaka rangi kwenye ngozi ya mtoto, funika kwa shuka jeupe upande ulio karibu naye. Zima taa za dari zote. Ukichanganya taa na mwanga wa dirisha, shavu moja litakuwa kijani na hutaliponya.

Laza mtoto mita moja mpaka moja na nusu kutoka dirishani, kichwa kikielekea kwenye mwanga na mwili umekaa mshazari. Mwanga ushuke kutoka kichwani kuelekea miguuni. Ukitokea miguuni unapanda puani na kumfanya mtoto aonekane kama anamulikwa tochi kambini. Kosa hili ndilo linalowatambulisha wageni wa kazi hii kuliko lingine lolote. Kivuli cha pua kikielekea mdomoni, uko sawa.

Anza na tundu la lenzi f/4, shata 1/160, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) acha ipande hata 1600. Tundu la f/1.8 litakupa jicho moja kali na pua yenye ukungu. Flashi, kama dirisha halitoshi, iingie kwenye mwavuli au ielekezwe kwenye dari nyeupe, na stendi iwekewe kifuko cha mchanga mguuni, hasa feni ikiwa inazunguka.

Rangi ya ngozi: piga picha ya kadi ya kijivu, ile ya kusawazishia rangi, mwanzoni na kila mwanga unapobadilika. Vichanga vyetu huzaliwa na weupe au wekundu ambao si rangi yao ya baadaye. Usiwafanye weusi, usiwafanye weupe. Punguza wekundu kidogo, acha masikio na ncha za vidole zilivyo. Ngozi inayobambuka unaweza kuipunguza. Baka la buluu matakoni ni la kuzaliwa nalo, si jeraha, usilifute bila kuuliza.

Picha ya familia ifanyike mwanzo kabisa, kabla dada mtu hajachoka. Mtoto wa miaka 3 ana dakika kumi za utii, ukibahatika. Akae sofani amebanwa kwenye kona, mto mapajani, kichanga juu ya mto, mkono wa mama nyuma ya mgongo wa kichanga nje ya fremu. Asimbebe akiwa amesimama, hata kama bibi anasema ameshazoea. Watu watano kwenye mistari miwili, nenda f/5.6 au f/8, fokasi kwenye macho ya mstari wa mbele, na usitumie 35 mpaka ukingoni kwa sababu aliye pembeni atavutika uso.

LenziYaPwani

Shukrani sana wakuu. Pozi la chura nimelifuta. Sebule ina AC lakini umeme ukikatika ndiyo basi, na mchana kule ni joto. Je, niweke chumba nyuzi ngapi?

MikonoMiwili

Akiwa uchi, 26 hadi 28. Akiwa amefungwa kitambaa, 24 hadi 26 inatosha. Tanga kazi yako itakuwa kupoza zaidi ya kupasha. AC iwake nusu saa kabla hujafika, feni isimpige moja kwa moja. Umeme ukikatika fungua madirisha, vua kitambaa, piga picha za nepi na miguu tu, usilazimishe kapu. Anza saa tatu asubuhi kabla bati halijaiva.

Walioko Njombe, Mbeya au Limuru shida yao ni kinyume. Hapo hita ya umeme iwe mita moja na nusu mbali, isimwelekee mtoto. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa, hata lililokolea lisilotoa moshi. Hewa yake haina harufu na inaua watu wazima, sembuse kichanga. Jenereta nayo iwe mbali na dirisha.

BintiMkinga

Jambo ambalo wanaume wa kamera husahau: idhini. Watu wengi wa pwani hawataki sura ya mtoto ionekane kabla ya arobaini, wanaogopa husuda. Kuwa na karatasi ya ukurasa mmoja yenye maswali mawili tofauti: mnaruhusu nipige, na mnaruhusu nirushe mtandaoni. Jibu la kwanza halibebi la pili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ya kwao ni ya 2019, ambayo kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Picha za uchi za mtoto usirushe hata ukiruhusiwa.

Uliza pia siku ya saba walifanya nini. Kama kulikuwa na akika, nywele zimeshanyolewa, na ile picha ya nywele waliyokuwa wanaiwaza haipo. Utakuta upara unaong'aa, punguza flashi.

LenziYaPwani

Na akiwa na hirizi mkononi au wanja machoni? Niombe vitolewe?

BintiMkinga

Usiombe. Muulize bibi, si baba, kama anataka vionekane. Asipotaka, kitambaa cha kumfungia kinafunika mkono, au unaifuta hirizi kwenye picha baadaye, dakika tano tu. Kamba ikiwa shingoni, hiyo mwambie mama kwa upole ailegeze au aivue wakati mtoto amelala kifudifudi, na ueleze kwamba inaweza kukaza. Wanja usiufute wala usiombe upakwe kwa ajili ya picha, baadhi una madini ya risasi ndani yake, na hayo ni sumu.