Filta ya oili iko pabaya: nihamishe kwa paipu, nifunge filta fupi, au nikate kiambaza?

Demani
Wakuu, habari za majukumu. Naomba mnisaidie kuamua kabla sijaingia hasara.

Mashine ya boti yangu ni dizeli ya silinda nne, ya ndani, imefungwa shetri (nyuma ya boti). Filta ya oili iko ubavuni, imelala, na nafasi kati yake na kiambaza cha stoo inatosha kiganja tu. Ukishaishika, spana haina pa kuingia. Chini yake kabisa ipo stata. Nikilegeza filta, oili inashuka juu ya stata, inafuata waya, inaishia ngama, kule chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika. Ndiyo maana muda wa kumwaga oili ukifika huwa napata kazi nyingine ya haraka zaidi.

Njia ninazoziona: kununua seti ya kuhamishia (bamba kwenye bloku ya mashine, paipu mbili, na kichwa cha filta kinachofungwa karibu na mlango), kutafuta filta fupi zaidi inayoingia palepale, au kukata kilango kwenye kiambaza ili nifikie kutokea stoo. Nani amefanya nini, na kwa nini?

FundiPaipu
Hamisha. Kazi yangu ni kubana paipu za haidroliki na hizi za filta zinapita sana mikononi mwangu. Sharti ni moja: achana na seti zinazokuja na mpira mtupu na klipu za bisibisi. Oili ikishapata moto inakaa kwenye baa 2 hadi 5 hivi, lakini mashine ikiwa baridi na oili bado nzito, presha inaruka juu ya hapo. Klipu ya bisibisi iachie maji ya kupozea. Hapa unataka paipu yenye wavu wa waya na fitingi zilizobanwa kwa mashine.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitazami. Mteja anasoma presha iliyoandikwa kwenye paipu anaridhika. Paipu ya nusu inchi yenye wavu mmoja wa waya inabeba hadi baa 160, kwa hiyo presha ya oili kwake ni mchezo. Kinachoiua ni joto. Paipu nyingi za haidroliki zimepimwa kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwa kazi ya kudumu, na oili ya dizeli inayovuta mzigo inafika hapo na hata kupita. Mpira unakauka, unakuwa mgumu kama ukuni, na nyufa zinaanzia shingoni mwa fitingi, mahali usipopaona. Ulizia za joto la juu, zipo za nyuzi 150.

Kipenyo kisishuke chini ya tundu la oili la bloku yenyewe. Kona za fitingi ziwe zilizopinda kwa mviringo, siyo zile zilizochongwa pembe kali. Na paipu fupi ndiyo paipu nzuri.

Kasia
Fundi, kwa heshima, wewe unauza paipu 😄

Demani, hesabu sehemu za kuvuja. Leo unayo moja, gasketi ya filta. Ukihamisha: bamba kwenye bloku, fitingi mbili palepale, paipu mbili, fitingi mbili kwenye kichwa, na gasketi ya filta bado iko pale pale. Zote ziko upande wa presha. Paipu ikipasuka, pampu ya oili inaendelea kusukuma mpaka sampu (bakuli la oili chini ya mashine) ikauke, na haichukui muda. Gari likifanya hivyo unasimama pembeni. Boti ikifanya hivyo wakati upepo unakusukuma mwambani, unazima mashine upande mwambani, au unaiacha izunguke ife?

Na ukiwa na pampu ya ngama ya otomatiki, oili yote itatapikwa baharini kabla hujafungua chumba cha mashine.

FundiPaipu
Kuuza nauza, sikatai. Lakini sijaona paipu iliyobanwa vizuri, isiyosuguana na kitu, ikapasuka yenyewe. Zinazorudi kwangu karibu zote zimeliwa na kona ya fremu au zimefungwa zikiwa zimevutwa. Mashine inacheza juu ya raba zake, hasa inapowashwa na kuzimwa, na kichwa cha filta kimefungwa ukutani hakichezi. Ukiacha paipu imenyooka bila ulegevu, kila ukizima mashine unaivuta shingo. Acha ulegevu, pitishia raba kila inapotoboa ubao, na ukishika paipu kwa mkono mashine ikiwa kwenye mzunguko mdogo isigonge kitu.

BintiBahari
Mimi niko upande wa filta fupi, kwa sababu ndiyo njia pekee unayoweza kuirudisha nyuma kwa dakika tano. Ila "inaingia" haitoshi. Linganisha nyuzi za skrubu, kipenyo cha gasketi, na vali ya baipasi (inayopitisha oili filta ikiziba).

Kwenye nyuzi ndiko kuna mtego. Kuna filta za M20×1.5 na kuna za inchi 3/4-16. Kwa macho huzitofautishi. Filta ya M20 inaingia kwenye stadi (ile bolti ya bloku inayoshika filta) ya 3/4 ikiwa imelegea kidogo, inazunguka vizuri, inabana, na unaondoka ukiamini umemaliza. Kumbe imeshikilia kwa ncha tu za nyuzi, kwa sababu stadi ya 3/4 ni milimita 19.05 na tundu limetengenezewa stadi ya 20. Presha ya baridi ya asubuhi ndiyo itakayoing'oa. Usiamini muuzaji anayepima kwa kuijaribisha kwenye meza, dai namba.

Baipasi: mashine nyingine zina vali hiyo ndani ya bloku, nyingine zinategemea iliyomo kwenye filta. Ukiweka filta isiyo nayo kwenye mashine inayoihitaji, siku karatasi ikiziba, beringi hazipati kitu. Na kwa kuwa filta imelala, hakikisha ina ile raba ya ndani ya kuzuia oili isirudi kwenye sampu, la sivyo kila ukiwasha taa ya oili itachelewa kuzima.

Filta fupi ina karatasi kidogo, kwa hiyo inashika uchafu kidogo. Ukiiweka, usinyooshe muda wa kubadilisha.

Demani
Asanteni sana. Dada BintiBahari, hapo kwenye M20 umeniokoa, maana filta niliyokuwa nimeonyeshwa muuzaji aliniambia "ni ileile tu".

Swali kwa Fundi: dukani wananishauri bamba la sandwichi, lina matundu mawili ya paipu pembeni. Ndilo hilo?

FundiPaipu
Silo! Sandwichi inakaa kati ya bloku na filta ili kupeleka oili kwenye kipoza oili na kuirudisha. Filta inabaki palepale, tena inasogea nje zaidi kwa unene wa bamba. Kwako wewe ambaye kiganja kinapita kwa shida, utakuwa umelipia kuongeza tatizo. Unachohitaji ni bamba linaloziba mahali pa filta kabisa, lenye njia ya kutoka na njia ya kurudi.

Kusi
Naingilia kwa sababu hakuna aliyegusa mwelekeo wa paipu. Kwenye filta za kuzungusha, oili inaingia kwa matundu madogo ya pembeni na kutoka kwa tundu kubwa la katikati. Ukizibadilisha paipu, oili inajaribu kuingia kwa katikati, na ile raba aliyoitaja BintiBahari inaziba njia ya kutokea. Niliitwa kwenye boti ya namna hiyo: mashine imetoka kufungwa seti mpya, presha haipandi, mwenye boti ameshaagiza pampu ya oili. Tulibadilishana paipu mbili, geji ikapanda. Kichwa cha filta huwa na alama za kuingia na kutoka, bamba la bloku mara nyingi halina. Piga rangi paipu moja kabla ya kufunga.

Pia kichwa kifungwe juu, filta ikining'inia chini. Hapo unaweza kuijaza oili kabla ya kuifunga, na ukiifungua haikumwagii mikononi. Watu wanaifunga kinyume kwa sababu ya nafasi, halafu wanashangaa kwa nini bado wanachafuka.

Swichi na geji ya oili ziache kwenye bloku, sehemu inayosoma baada ya filta. Ukizihamishia kwenye kichwa upande wa kuingilia, utasoma presha nzuri hata kama filta au paipu ya kurudi imeziba.

MzeeNanga
Wanangu, mimi ningekata kiambaza. Demani amesema nyuma yake ni stoo. Ubao hauna presha wala haupasuki baharini. Kilango cha ukubwa wa sahani, kikiwa usawa wa filta, unakaa stoo umenyoosha miguu unafungua filta ukiiona kwa macho. Kwanza hakikisha kiambaza hicho hakibebi chombo. Kama kinashikilia sitaha au kimefungwa kwenye mataruma (mbavu za boti), uliza fundi wa maboti kabla ya kushika msumeno, na pembe za tundu zikatwe mviringo. Na kifuniko kiwe na gasketi na lachi za kubana, siyo kipande cha ubao kilichosimamishwa. Moshi usiingie mnakolala watu, na kama una kizima moto cha gesi kwenye chumba cha mashine, gesi isitorokee stoo.

Sasa jingine, na hili ni kwa yeyote atakayehamisha filta. Mtaambiwa mzungushe mashine kwa stata bila kuiwasha mpaka presha ipande, ili paipu zijae. Sawa, lakini fungeni koki ya maji ya bahari kwanza. Mashine isipowaka, hakuna moshi wa kusukuma maji nje, na pampu ya maji inaendelea kuyaleta. Yanajaa kwenye tangi la ekzosi, yakipanda yanarudi kwenye silinda. Zungusha kwa vipindi vifupi, upumzishe stata, na mara tu kabla ya kuiwasha kweli fungua koki. Nimeona mashine nzima imekufa kwa sababu hiyo tu, na oili yake ilikuwa safi.

Kasia
Mzee umemaliza. Naongeza kwa Demani: paipu ya milimita 13 kwa ndani inabeba lita 0.13 kwa kila mita. Paipu mbili za mita moja ni zaidi ya robo lita. Ukihamisha halafu ukajaza kwa kiasi cha kitabu, stiki (kijiti cha kupimia oili) itasoma chini. Jaza kwa stiki baada ya kuizungusha na kuizima.

BintiBahari
Hata kwa kilango cha Mzee, stata bado iko chini. Vuta oili yote kwa pampu kupitia tundu la stiki mashine ikiwa ya moto. Kabla ya kulegeza filta, toboa upande wake wa chini kwa msumari, chupa iliyokatwa ikiwa chini ya tundu. Iache imwagike, halafu ivalishe mfuko mnene na uifungue ikiwa ndani ya mfuko. Tandika nepi ya mtoto juu ya stata. Ukishaitoa, pitisha kidole kwenye uso wa bloku, gasketi ya zamani hupenda kubaki imeganda pale, na ukifunga mpya juu yake itavuja tu.

Demani
Nimerudi kutoka botini. Kiambaza ni ubao wa plaiwudi wa milimita 12, hakijafungwa kwenye mataruma, na upande wa stoo hakuna waya wala bomba. Stadi nimeipima kwa kalipa, ni milimita 19 na nukta kidogo, kwa hiyo ni 3/4.

Nakata kilango, na filta inabaki palepale. Paipu nimeziacha. Siyo kwamba Fundi hakunishawishi, ila mbali na kufikika sina tatizo lingine, na naona kuliondoa kwa msumeno kuna sehemu chache za kukagua. Filta fupi nitaitafuta nikiona kilango hakitoshi.

Fundi, usinune. Paipu ya haidroliki ya usukani inavuja kidogo kwenye shingo, nakuletea.

FundiPaipu
Ilete na fitingi zake zote mbili, usiikate. Na huo usukani usiutumie kwenda mbali mpaka niione.