Corolla AE100 napiga stata mpaka betri inachoka, ikishawaka haina neno. Ninunue pampu?

Baridi Makambako:
Wakuu, heshima kwenu. Nina Corolla AE100 ya 1993, injini 5A-FE. Ni ya zamani lakini haijawahi kuniaibisha mpaka mwezi huu.

Asubuhi napiga stata sekunde kama kumi, injini inazunguka vizuri ila haishiki. Napumzika, narudia. Mara ya tatu au ya nne ndipo inaitika, inatetemeka kidogo, kisha inatulia kama vile si yenyewe iliyokuwa inanisumbua. Nikiizima na kuiwasha papo hapo, inashika mara moja. Nikiiacha sokoni saa moja, mchezo ni uleule. Barabarani haina mis, milima ya kwenda Njombe inapanda kama zamani.

Fundi kabadilisha plagi na filta ya petroli, wapi. Sasa anasema pampu imekufa, nilete laki na themanini. Kabla sijatoa hiyo hela nimeona nipite hapa.

Mtu wa Chalinze:
Uza hiyo, chukua Toyota IST.

Spana Kumi:
Mkuu, pampu iliyokufa haipandishi gari mlima. Maelezo yako yameshajibu nusu ya swali. Gari likikaa, presha ya petroli kwenye mabomba inaisha, kwa hiyo ukipiga stata pampu inaanza kujaza upya huku wewe unamaliza betri. Tena Toyota za umri huo ukiwasha swichi tu pampu haiamki, inasubiri stata. Ile mbinu ya kuwasha na kuzima swichi mara tatu, wanayoisifia wenye magari mengine, kwako ni kazi bure.

Kesho kabla hujagusa stata fungua boneti, tafuta kiboksi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Mchoro wa matundu uko ndani ya kifuniko. Unganisha +B na FP kwa kiwaya kifupi, halafu washa swichi bila kupiga stata. Utasikia pampu inavuma nyuma. Hesabu sekunde kumi, zima swichi, toa waya, piga stata. Usikosee tundu, ukiunganisha +B na E1 umechoma fyuzi. Na sigara ikae mbali.

Baridi Makambako:
Nimefanya leo saa kumi na mbili. Pampu ilivuma, nikazima, nikatoa waya. Stata kugusa tu, imeshika! Mke wangu alitoka nje akidhani ni gari la jirani.

Binti Spea:
Basi kaka, pampu inasukuma, sasa tumtafute mwizi wa presha. Kuna nozeli (inayopulizia petroli kwenye injini) inayodondosha, kuna regyuleta inayodhibiti presha na kurudisha petroli ya ziada tenkini, na kuna ile valvu ndani ya pampu inayozuia mafuta kurudi kwenye tenki. Chomoa plagi gari likiwa limelala usiku kucha, zikiwa zimelowa petroli mshuku nozeli. Chomoa na kile kimpira chembamba kinachotoka regyuleta kwenda manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), unuse. Kikinuka petroli, ngozi ya ndani ya regyuleta imepasuka.

Ukipata geji ya presha ndiyo bora zaidi. Injini ikinguruma na hicho kimpira kimechomolewa na kuzibwa, isome kati ya 2.7 na 3.1 kwa kipimo cha kilo. Ukizima, baada ya dakika tano isishuke chini ya 1.5.

Baridi Makambako:
Plagi kavu, kimpira kikavu. Geji nimeazima gereji nyingine: ikinguruma 2.8. Nilipozima, haikumaliza dakika, sifuri. Fundi wa pale akajaribu tena, safari hii akabana mpira wa kurudisha mafuta mara tu alipozima. Sifuri tena.

Binti Spea:
Plagi kavu, nozeli haimo. Regyuleta nayo haimo, ingekuwa yenyewe presha ingebaki mpira wa kurudisha ulipobanwa. Imebaki upande wa tenki. Inua siti ya nyuma, fungua kile kifuniko, toa pampu na bracketi yake, tenki lisiwe limejaa. Kabla ya kulaumu valvu, angalia kile kipande kifupi cha mpira kinachounganisha pampu na bomba. Ukunje kidogo.

Baridi Makambako:
Dada, umeona mbali! Kwa nje ulionekana mzima. Nilipoukunja, ukafunguka mpasuko mwembamba kama wa wembe, karibu na klipu. Fundi yuko tayari kukata kipande cha mpira wa petroli wa kawaida, elfu tatu.

Spana Kumi:
Hapo mzuie. Mpira wa kawaida umetengenezwa kubeba petroli kwa ndani, si kuogelea ndani yake. Ukilowekwa unavimba na kulainika, utarudi hapa baada ya miezi. Tafuta ulioandikwa 30R10, ndio wa kukaa ndani ya petroli. Ni ghali kwa kipande kidogo hivyo, lakini si laki na themanini. Na klipu weka mpya.

Baridi Makambako:
Nimeupata Mbeya, nimeletewa na basi. Leo asubuhi ya tatu, inashika stata ya kwanza na baridi yote hii. Pampu ni ileile ya zamani.

Mtu wa Chalinze:
Hongera. IST bado zipo lakini.