Debian 13 na kompyuta za biti 32: je, nipandishe toleo?

Swali
Wakuu, salaam. Ninatunza kompyuta za shule zinazotumia Debian 12 (mfumo endeshi huria wa Linux) ya biti 32. Baadhi zina prosesa ya Pentium III na nyingine Core 2 Duo. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo kinachoendesha maunzi) ya biti 32. Je, nikibakiza kerneli niliyonayo na kupandisha toleo la programu nyingine zote, mfumo utafanya kazi?

Jibu la 1
Ndugu, usijaribu. Vifurushi vya programu vya i386, yaani vya biti 32, vya Debian 13 vimebakizwa ili programu za zamani ziendelee kutumika juu ya prosesa za biti 64, na vimejengwa kwa kutegemea SSE2, kundi la maagizo ya prosesa ambayo Pentium III haina. Programu ikifika kwenye agizo lisilotambuliwa na prosesa, husitishwa papo hapo, hata kerneli iwe ipi. Core 2 Duo ni habari nyingine, kwa kuwa ni prosesa ya biti 64 iliyowekewa tu mfumo wa biti 32. Thibitisha kwa amri ya lscpu, inayoonyesha sifa za prosesa, nakili data, kisha sakinisha upya toleo la amd64, yaani la biti 64.

Jibu la 2
Naongezea sababu za prosesa za zamani kuachwa, maana wengi hudhani ni uvivu wa wasanidi. Linux yenyewe, kerneli ambayo Debian hutumia, ilianza mwaka 1991 kwenye prosesa ya 386, lakini kerneli 3.8 ya mwaka 2013 iliiacha, kwa kuwa haikuwa na agizo la cmpxchg (la kulinganisha na kubadilisha thamani kwa hatua moja) na haikuheshimu ulinzi wa kurasa za kumbukumbu pale kerneli yenyewe ilipoandika, hivyo wasanidi walilazimika kutunza msimbo wa pekee kwa ajili ya mashine ambazo karibu hakuna aliyezijaribu. Kuna pia suala la Januari 2038, ambapo kihesabu cha muda cha biti 32 kitajaa: Debian 13 imekipanua kwenye usanifu mwingine (aina nyingine za prosesa) wa biti 32, ila i386 imeachwa kama ilivyo, kwani kukibadilisha kungevunja programu zilezile inazobakizwa kuzihudumia.

Mwuliza swali
Nashukuru. Zile Pentium III nizifanyeje?

Jibu la 1
Zibaki na Debian 12, nje ya mtandao, kwa kuandika na mazoezi ya kuchapa. Ukihitaji mfumo unaoendelea kusasishwa, NetBSD, mfumo endeshi mwingine huria, bado inakubali hata prosesa ya 486, ingawa kivinjari cha kisasa sitakuahidi.